Nimeipenda sanaa ya jukwaani nikiwa na miaka 41. Nianzie wapi?

Muuguzi wa Tanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Shule anayosoma binti yangu iliandaa onyesho la Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na mzazi aliyepangwa kuwa Bibi Kitunda akaugua zikiwa zimebaki siku nne. Nikaombwa nishike nafasi yake. Katika onyesho la kwanza, pale wanawake wanapozungumzia njaa huku waume zao wakilimishwa pamba, nilikuwa nimeshika ungo mtupu. Nilipouinamia nikaona kweli hamna unga, koo likanikauka, na ukumbi mzima ukanyamaza. Tangu siku hiyo, nikiwa zamu ya usiku, najikuta nikiinong'ona mistari ile, yangu na ya wahusika wengine. Je, kwa umri huu naweza kujifunza bila kuacha kazi? Tena, kwa nini waliokaa nyuma walisema miisho ya sentensi zangu haikuwafikia?

Mwelekezi, Bagamoyo

Dada, hongera sana. Nianze na sauti, maana hilo lina dawa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho hushuka yenyewe, na ikikukuta pumzi imekwisha, neno zima hupotea kabla ya kufika safu ya tatu. Chukua penseli, uweke alama kila mahali utakapovuta pumzi, kisha msimamishe mtu mwisho wa ukumbi akurudishie kila sentensi kama alivyoisikia. Usipige kelele, maliza neno. Kuhusu masomo, taasisi yetu ya sanaa na utamaduni hapa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, hutoa cheti na stashahada, lakini kozi hizo zitakudai ruhusa ndefu kazini. Kwa sasa njoo kwenye tamasha la kila mwaka, uwatazame waigizaji wanavyosimama wakati si zamu yao ya kusema.

Mzee wa Chang'ombe

Marahaba, mwanangu. Mimi nasema tafuta kikundi kwanza, cheti kitafuata. Miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, sehemu nyingi za kazi zilikuwa na vikundi vya ngoma, ngonjera na vichekesho. Sisi wa kiwandani tulifanya mazoezi ghalani baada ya zamu, na mtazamaji wetu wa kwanza alikuwa mlinzi, ambaye akisinzia tulijua kipande kile hakijaiva. Usitegemee jukwaa likulishe, wala usikimbilie filamu mapema, kwa kuwa kamera humsogelea mwigizaji, ilhali jukwaani ni wewe unayepaswa kumfikia yule wa kiti cha mwisho. Tena una hazina ambayo wengi wetu hatukuwa nayo: umewaona watu wenye maumivu ya kweli, na unajua kwamba mara nyingi hujitahidi kuyaficha. Waigizaji wengi hulia mapema mno.

Muuguzi wa Tanga

Ahsanteni sana. Mzee, hilo la kuficha maumivu nimelielewa mara moja, kwa sababu wagonjwa wangu hukunja ncha ya shuka mkononi na kuniambia hawajambo. Nimeshapata wenzangu wanne wa wodini, na shule imetukubalia ukumbi Jumamosi alasiri. Tutaanza na kipande kile cha ungo, na mume wangu atakaa kiti cha mwisho.