Mfumuko wa bei asilimia 3, je kikapu kimepimwa kwa sufuria ya nani?

Wakuu, juzi hapa kuna mchangiaji kaandika kwamba wanaolalamika maisha magumu wanatia chumvi, kwasababu mfumuko wa bei Tanzania miaka hii unacheza kwenye asilimia 3 na ushee, basi kelele za nini. Nimekaa nalo hilo siku mbili. Mimi sisemi namba imepikwa, naiamini kabisa, ila nasema haimsemei mteja wangu anayekuja dukani na elfu mbili mkononi, na sababu ipo kwenye hesabu yenyewe.

Tuanze na kikapu, yaani orodha ya vitu ambavyo bei zake zinafuatiliwa kupata mfumuko. NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, walipohamia mwaka wa kizio 2020 (mwaka wa kulinganishia bei), uzito wa chakula na vinywaji visivyo na kilevi ulishuka toka 38.5 mpaka 28.2 kwa mia. Yaani kwenye kila shilingi 100 inayohesabiwa, 28 tu ndio ya chakula. Nakubali sahani ya mama ntilie imewekwa kundi jingine la migahawa, lakini hata ukiirudisha, hebu ingia nyumba ya kibarua wa Mbagala au Buza uniambie kama kwake chakula ni robo na kidogo ya matumizi.

Hili jambo limejulikana zamani sana. Mwaka 1857 Ernst Engel, mkuu wa takwimu wa Saxony kule Ujerumani, alipitia matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Waliokuwa wanaishi kwa kusaidiwa, chakula kilikula karibu asilimia 71 ya matumizi yao, waliojikongoja wenyewe 67, wenye unafuu 62. Miaka 100 baadae, 1957, mchumi Houthakker akakusanya tafiti za nchi kama 30, akakuta ni vilevile kila alipogusa, kipato kikipanda chakula kinachukua fungu dogo zaidi. Ndio maana Nigeria mwaka 2019 chakula kilichukua zaidi ya asilimia 56 ya matumizi ya kaya zote, wakati Mmarekani wa kawaida chakula anachopika nyumbani hakifiki hata 10.

Sasa tatizo liko hapa, naomba msiruke. Uzito wa kikapu unapatikana kwa kujumlisha shilingi za watu wote, kwahiyo mwenye shilingi nyingi anahesabika zaidi. Chukua nyumba mbili. Ya kwanza inatumia laki 3 kwa mwezi, laki na 80 ni chakula, hiyo ni 60 kwa mia. Ya pili inatumia milioni 3, laki 6 ni chakula, 20 kwa mia. Ukijumlisha pamoja chakula kinatoka kama 23.6. Umeona? Namba imelala kabisa upande wa mwenye milioni 3. Alafu chakula kikipanda asilimia 15 na vingine visipande, fahirisi, yaani ile namba ya jumla ya bei, itasema bei zimepanda 3.5, wa milioni 3 kaumia 3, ila yule wa laki 3 kaumia 9. Wote wanasomewa taarifa moja ya habari.

Mimi nina duka la mangi mtaani, naona hii kwa macho. Kuna mama mmoja maharage yalipopanda akatoka nusu kilo akaja robo, mafuta ya kupima akashuka toka kikombe mpaka nusu kikombe, dagaa akaacha kabisa. Unga hakupunguza hata gramu moja, tena kuna wiki aliongeza, akaniambia "watoto washibe kwanza, mboga tutaona".

Naongezea baada ya kusoma majibu. Kuna ndugu anasema hoja yangu inasahau kwamba mtu bei ikipanda anahamia kitu cha bei rahisi, hivyo maumivu yanapungua. Ndugu yangu, unahamia kama kuna pa kuhamia. Jensen na Miller walichapisha utafiti mwaka 2008 wa kaya masikini mkoani Hunan, China, waliwapa vocha za kupunguza bei ya mchele, na watu WAKAPUNGUZA kula mchele kwasababu hela iliyobaki walinunua vitu vingine vya kulia. Igeuze uone: chakula kikuu kikipanda masikini anakila zaidi, maana nyama ndio ya kwanza kuachwa. Ni mama yangu wa dagaa yule yule. Mwenye kipato anahama toka nyama kwenda maharage, huyu anahama toka mboga kwenda ugali na chumvi, na bado tunaandika kwamba wote wamejirekebisha.

Mwingine kauliza kama fungu la chakula ni kipimo kizuri cha umasikini, mbona India wachumi Deaton na Drèze walikuta watu wanapunguza kalori huku kipato kinapanda? Swali zuri na silikatai. Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Ila mimi sibishani kuhusu kupima umasikini, nabishana kuhusu bei.

Na sio jambo lisilowezekana. Wakenya ofisi yao ya takwimu imekuwa ikitenganisha Nairobi kwa kipato cha chini, cha kati na cha juu. India wana fahirisi ya vibarua wa mashambani peke yao miaka mingi, inatumika kwenye mambo ya mishahara. Sisi utafiti wa mapato na matumizi ya kaya tunao wa 2017/18, matumizi ya kila tabaka yamo mle. Kinachotakiwa ni kuyapigia hesabu kivyake na kuitoa namba ya pili kila mwezi pembeni ya ile ya kwanza, na kima cha chini cha mshahara kikijadiliwa iwekwe hiyo mezani.

Anayepinga aniambie kitu kimoja tu: yule wa laki 3 aliyeumia 9, kwenye asilimia 3 yenu yuko wapi?