Ndege ikipungua, kwa nini sisi wa Mpanda ndo wa kwanza kukatwa?

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo wiki nzima nikisema ngoja hasira zipungue ndo niandike, hazipungui, kwa hiyo naandika hivi hivi. Jina la shirika naliacha, itoshe kusema ni la serikali, yaani ni pesa yangu na yako.

Mama yangu mzazi ana miaka 68, anaishi Karema, mkoani kwetu Katavi, kule kandokando ya Ziwa Tanganyika. Ana shida ya moyo na kliniki yake iko Dar, tarehe ya kumuona daktari bingwa tulipewa miezi minne kabla. Karema hadi Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100, tukatoka na noah alfajiri, tukalala gesti ili kesho yake turuke saa nne asubuhi. Tiketi tulishalipa mwezi mzima nyuma, laki tatu na ushee kwa kichwa, na hiyo hela haikutoka kwangu peke yangu, tulichangishana ndugu watano.

Saa mbili tuko uwanjani. Mama kavaa kitenge chake kipya, bahasha ya vipimo kaikumbatia kifuani hataki hata kuiweka kwenye benchi, miguuni kikapu cha samaki, migebuka mikavu ya kumpelekea dada. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, kaunta haina mtu. Aliyekuja kutuambia ndege haiji ni mlinzi wa getini, naye kasikia kwa dereva taksi! Meseji ya shirika ikaingia saa sita na dakika kumi, saa mbili nzima baada ya muda wa kuruka, kwamba safari imeahirishwa "kutokana na sababu za kiuendeshaji" na tutasafiri siku tatu mbele. Kwisha. Hakuna aliyeuliza nani ni mgonjwa, nani ana pa kulala, nani amekula. Kulikuwa na kijana ana usaili wa kazi Dodoma kesho yake, alikaa chini sakafuni kabisa kashika kichwa, hasemi na mtu.

Mama akaniambia taratibu, "mwanangu, hawa hawaji, tutafute basi."

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, inaita mpaka inakata, nilipopokelewa naambiwa subiri kwenye laini mpaka salio likaisha. Kesho yake alfajiri tukapanda basi, Mpanda Tabora Singida mpaka Dodoma, tukafika usiku, asubuhi tukaunga na treni ya SGR kwenda Dar. Nashukuru hiyo SGR imefika Dodoma tangu 2024 maana bila hiyo sijui ingekuwaje. Mama anashuka pale stesheni miguu imevimba, viatu haviingii, kavishwa kandambili zangu. Na kliniki ilikuwa asubuhi hiyo hiyo, tumefika hospitali saa tisa mchana daktari kashaondoka. Tarehe mpya mwezi wa tatu. Hela ya tiketi mpaka leo naambiwa "inashughulikiwa".

Sasa wapo watakaosema ndege ni mashine inaharibika, bora icheleweshwe kuliko ianguke. Nakubali asilimia mia, rubani akisema haruki sitaki aruke. Lakini kujua kwamba hampo na kukaa kimya mpaka saa sita, hilo halihusiani na usalama. Ndege haikuharibikia Mpanda jamani, haikuwahi hata kuja, kuna mtu ofisini alijua tangu usiku au asubuhi sana kwamba leo Mpanda haiendi, na huyo mtu alikuwa na namba zetu zote za simu kwenye mfumo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Hizi ndege za pangaboi, bombadia za watu 76, ndo zinafaa viwanja vyetu vyenye njia fupi, na ni chache. Moja ikiingia matengenezo au injini ikisubiri spea, ratiba nzima inayumba, ikichelewa asubuhi kituo cha kwanza basi na cha pili na cha tatu vyote vinasukumwa mbele, na viwanja kadhaa vya mikoani havina taa za usiku kwa hiyo jua likizama ndo imetoka. Hapo lazima mtu achague ruti gani ifutwe. Na mimi nayemsafirisha mama mara tatu kwa mwaka nimeona mwenyewe, wa Mpanda tunakatwa, wa Mwanza wanapelekwa. Mwanza mtu akikosa ndege hii ipo nyingine ya kampuni nyingine siku hiyo hiyo. Watalii wa hifadhi ya Katavi wana vindege vyao vya kukodi. Sisi tukikosa hiyo moja tumekosa.

Na msiniambie ruti hailipi. Ingekuwa inalipa wafanyabiashara wangeshajazana, ndo maana tukasema serikali iwe na shirika lake! Wenzetu hili walishalimaliza. Marekani tangu 1978 serikali inalipia ndege ziende miji midogo ambayo kampuni zingeikimbia. Norwei kule kaskazini kwenye vimiji vya uvuvi, serikali inatangaza tenda ruti kwa ruti, inaandikwa kabisa safari ngapi kwa wiki, viti vingapi, nauli isizidi kiasi gani, anayeshinda anafidiwa hasara na anabanwa na mkataba. Na wanaruka na Dash 8, familia ile ile ya hizi bombadia zetu.

Kwetu mkataba na mwananchi wa Katavi uko wapi? Iandikwe Mpanda ni safari kadhaa kwa wiki, ikifutwa abiria ajulishwe usiku wa kuamkia safari, mwenye rufaa ya hospitali atafutiwe njia siku hiyo hiyo, na hela irudi ndani ya siku saba bila kupigiana simu. Hiyo haihitaji kununua hata ndege moja mpya, meseji ya saa moja usiku ingetosha sisi kuwahi basi la alfajiri na mama angemuona daktari wake.

Kuna Baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga pale TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, malalamiko yangu nimeshayaandika na risiti nimeambatanisha. Ila barua moja wataisoma kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Waliokwama Mpanda, Songea, Kigoma, Mtwara, popote, wekeni hapa chini tarehe, saa ya kuruka iliyokuwa kwenye tiketi, na saa meseji ilipoingia. Hayo matatu tu, matusi hapana. Jumatatu ijayo naprint naenda nayo mwenyewe.