Magimbi, viazi vikuu au yakoni: nipande kipi nyuma ya nyumba?

JembeButu: Wakuu, nina kaeneo hatua sita kwa nne. Nusu jua kali, nusu kivuli cha ukuta. Viazi vitamu nimevichoka. Nataka mizizi isiyo ya kila siku, ila nisije nikavuna rundo likaniozea ndani ya wiki. Kipi kati ya hivi vitatu?

MamaMizizi: Kwa kukaa, kiazi kikuu hakina mpinzani. Nachimba majani yakishakauka, naviacha siku chache penye joto na hewa ili makovu ya jembe yapone, halafu navipanga kwenye chanja kivulini, kimoja kisimguse mwenzake. Miezi mitatu minne naendelea kula. Vikichipua, nang'oa chipukizi. Friji usithubutu, baridi inaviharibu. Usumbufu wake ni nguzo, maana kinatambaa kwenda juu kama hakina akili.

Kidole_Gumba: Mama kasema kweli, lakini ule upande wa ukuta ni wa magimbi. Kivuli yanavumilia, kiu hapana. Mimi niliyabania maji mwaka jana nikavuna vitu vya saizi ya jina langu 😂. Na usiyamenye mikono mitupu! Niliwashwa hadi kwenye viwiko. Yana vijisindano vya oksaleti. Chemsha mpaka kisu kizame chenyewe. Bichi haliliwi, hata jani lake.

JembeButu: Na yakoni, ule mzizi wa Amerika Kusini?

Sururu: Hiyo usiitegemee kukushibisha, ni maji matamu tu. Inaliwa bichi kama tunda. Ukiichimba ianike juani siku chache, ngozi isinyae kidogo, ndipo utamu unakolea. Anza na vipande viwili vitatu, tumbo linajaa gesi. Chimba kwa mkono, inavunjika ovyo. Halafu lile nene unalokula halioti. Mbegu ni vile vinundu vyenye macho pale kitakoni mwa shina. Mimi nilifukia manene kumi, nikasubiri weee.

JembeButu: Basi magimbi ukutani, kiazi kikuu kitambae kwenye uzio, yakoni shina moja la kuonja. Mama, kipande cha mbegu ya kiazi kikuu kiwe kikubwa kiasi gani?

MamaMizizi: Kama ngumi, na kiwe na ganda lake. Palipokatwa paka majivu, pakauke kwanza ndipo ufukie.