Mzee wa miaka 86, mapigo ya moyo hayana mpangilio: aspirini inatosha kuzuia kiharusi?

Ana kilo 54 na huangukaanguka. Dawa ya kuzuia damu kuganda si hatari kwake?

— Aspirini haitoshi, na bado huvujisha damu. Apiksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku: dozi hupunguzwa hadi kiasi hicho vigezo viwili kati ya vitatu vikitimia, yaani miaka 80 na kuendelea, uzito usiozidi kilo 60, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) kuanzia maikromoli 133 kwa lita. Figo zipimwe kwanza. Kuanguka pekee si sababu ya kumnyima.

— Presha ipimwe pia akiwa amesimama. Huenda inashuka ghafla, ndiyo maana anaanguka.

— Mdomo ukipinda, dalili ya kiharusi, andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4.5, umri si kizuizi, ila daktari aambiwe alimeza apiksabani lini. Msimpe hata maji kabla hajapimwa kumeza, yanaweza kuingia mapafuni.