Kigandamizo cha milefiori chenye "1848": ni Baccarat kweli?

Gololi_Kubwa
Wadau, naomba msaada wa kutambua kigandamizo cha karatasi cha milefiori (kioo chenye vipande vya vijiti vya rangi ndani, vinavyoonekana kama maua). Kipenyo sm 7, kimo sm 5, uzito g 361. Maua yamepangwa kwa maduara matano kuzunguka ua moja la kati, mengi bluu, meupe na mekundu. Kwenye duara la tatu kuna kijiua kimeandikwa 1848, tarakimu zote nne ndani ya kipande kimoja, bila herufi yoyote. Kitako kimesagwa bapa, hakuna lebo wala muhuri. Muuzaji anasema ni Baccarat, kile kiwanda cha kioo cha Ufaransa. Kuna kipimo cha kufanya nyumbani?

MzeeLenzi
Mkuu, huo mwaka uweke kando kwanza. Kuandika 1848 kila mtu anaweza, ila uzito wa kioo hauigiki kirahisi.

Weka bakuli la maji kwenye mizani ya jikoni, kisha bonyeza isome sifuri. Funga kigandamizo kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, kizamishe chote kikining'inia. Namba itakayosoma mizani ni gramu za maji yaliyosukumwa, na hizo ndizo sentimita za ujazo wa kioo chako. Gawanya 361 kwa namba hiyo.

Kioo cha soda, yaani cha kawaida kisicho na risasi, hutoa kama 2.5. Kioo chenye risasi, alichotumia Mfaransa wa Baccarat, Saint-Louis na Clichy kati ya 1845 na 1860, hutoa 3 na ushee.

Wengi hukosea hapa: kikigusa chini, mizani inabeba na kioo chenyewe, kigawanyo kinakuwa kikubwa na jibu linashuka. Viputo vya hewa vilivyonata kwenye kioo navyo hushusha jibu, kwa hiyo vifute kwa kidole. Maji yawe ya kawaida. Ya moto yanaweza kupasua kioo kinene namna hiyo.

Gololi_Kubwa
Nimepima mara tatu: 144, 144, 145.

MzeeLenzi
361 kwa 144 ni 2.5. Baccarat imeondolewa, na viwanda vile vingine vya zamani vya Ufaransa navyo. Cha risasi chenye ujazo huo kingekaribia g 446, ungekisikia mkononi kabla hata ya kupima.

Hata mwaka wenyewe unakataa. Baccarat wa zamani kwa kawaida waliweka herufi B pamoja na mwaka, na kila tarakimu ilikuwa na kijiti chake, vinne vimebanana. Miaka ya kawaida ni 1846 hadi 1849, na 1847 na 1848 ndiyo inayoonekana zaidi. Saint-Louis waliweka SL. Clichy hawakuwa na desturi ya kuandika mwaka. Wao hutafutwa kwa herufi C na kwa lile waridi lao, ingawa waridi peke yake lisikudanganye, maana wengine nao walilitengeneza.

Shanga_za_Kale
Naongezea, maana atatokea mtu aseme "1848 bila herufi ni Whitefriars", kile kiwanda cha London. Hadithi hiyo ni ya zamani. Vichupa vya wino na vigandamizo vya Kiingereza vyenye 1848 siku hizi vinahesabiwa kuwa kazi ya viwanda vya Birmingham, Arculus na Walsh-Walsh, karne ya 20. Na hao walizoea kioo chenye risasi, kwa hiyo 2.5 inawatoa nao.

Wa kuangaliwa zaidi sasa ni Murano (kisiwa cha mafundi wa kioo wa Venisi) na China. Chukua lenzi ya sonara ya mara kumi, utazame kwa ubavu, usitazame kwa juu tu. Kuba lile linakuza maua na kuficha kasoro. Vya China vya miaka ya 1930, vilivyoiga vya Ufaransa na Marekani, kioo chake huwa na umanjano au ukijivu na kinateleza mkononi kama kimepakwa sabuni. Murano kioo ni cheupe zaidi, maua mapana, na mara nyingi utaona chembe za shaba zinazometameta kama dhahabu ndani ya kijiti. Hiyo ni aventurini, ufundi wa Venisi.

Kisha geuza kitako. Kilichoburuzwa mezani miaka mingi kina mikwaruzo midogo ya ovyo, kila upande, hasa ukingoni. Mikwaruzo iliyolala sambamba ni msasa.

Ile tochi ya kukagulia noti bandia usiitegemee kwa umri. Kioo kilichosafishwa rangi kwa manganizi hung'aa kijani, na kilitengenezwa mahali pengi. Inafaa kutafuta gundi tu, maana mahali palipounganishwa mara nyingi hujitenga rangi.

(Na usikiweke dirishani penye jua. Kuba hilo ni lenzi, linaweza kuunguza kitambaa cha meza.)

Gololi_Kubwa
Kioo cheupe, hakitelezi. Ua la kati lina chembe za dhahabu, na kwenye duara la nne viko vijiti viwili hivyohivyo. Kitako: mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja.

Shanga_za_Kale
Basi Murano, karne ya 20, na kitako kimepigwa msasa ili kionekane kizee. Si kibaya kukaa nacho mezani, lakini bei ya Baccarat usilipe. Mpe muuzaji ile 144 yako, apime mwenyewe.