Mwalimu, kwa nini umemfutia binti yangu sentensi nzuri?

Wazazi wenzangu, nina hasira na nitaandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Binti yangu yuko gredi ya 6. Waliambiwa waandike insha kuhusu kitu cha zamani nyumbani. Akachagua koti la babu yake: "Limelika viwiko hadi bitana inachungulia, na mfuko wa kulia umelegea kwa sababu babu hutia redio humo." Mwalimu akaipiga mstari mwekundu sentensi yote. Kando akaandika: "Pamba insha. Tumia tashbihi na methali." Alama 11 kwa 20.

Akaiandika upya huku analia. Sasa inaanza na "Wahenga hawakuambulia patupu waliponena..." Koti ni "kuukuu ajabu", tena "jeusi kama kaniki". Koti lenyewe ni la kahawia! Redio haimo tena.

Usiku akaniuliza, "Mama, kaniki ni nini?" Nimeuza nguo soko la Gikomba, Nairobi, miaka 14, nimefungua mitumba ya kila aina, kuanzia kamera, yaani zile nguo bora kabisa, mpaka fagia, yaani masalia ya mwisho, na kaniki sijaiuza hata siku moja. Ni nguo iliyokuwa ikivaliwa na bibi za watu zamani. Aliyefananisha weusi na kaniki mara ya kwanza alikuwa akiiona kila siku kwenye kamba ya kuanikia. Mtoto wa mtaa wa Kayole mjini anaiona wapi?

Mimi mteja akishika shati simwambii ni kuukuu, atanicheka. Namwambia kola imelika, rangi imekwajuka, mshono wa kwapa umefumuka. Na kila neno lina bei yake, kwa sababu mshono uliofumuka fundi ataurudisha sasa hivi, lakini kitambaa kilicholika ndio basi. "Kulika" binti yangu alilisikia hapa kibandani Jumamosi moja, akalielewa, akalipeleka shuleni. Likafutwa!

Sisemi methali zitupwe. Mama yangu alikuwa akitoa moja tu kwa wiki na ilikuwa inauma. Hizi za kukariri kutoka kwenye orodha zimeshikwa na mikono mingi mno, zimekuwa butu.

Na msidhani yanaishia darasani. Washeni taarifa ya habari. Kila kiongozi "amelivalia njuga" suala fulani. Njuga ni zile kengele ndogo anazojifunga mchezaji ngoma miguuni, unasikia mlio wake kabla hujamwona. Nani anausikia mlio huo leo? Na kila msiba ni "biwi la simanzi". Biwi ni rundo la takataka linalongoja kuchomwa! Mafuriko ya 2024 yalibeba nyumba za watu Mathare, watu wakazika watoto wao. Mtu anayezika mtoto anastahili neno ambalo msemaji amelifikiria kabla ya kulitamka.

Watoto wetu wakifundishwa kwamba macho yao hayana kazi na orodha ndiyo yenye kazi, watakuwa watangazaji na viongozi wa namna hiyo hiyo.

Walimu mlio humu, nijibuni hapa hapa: sentensi ile ilikosea nini? Ijumaa naenda shuleni, na koti nitalibeba.