Naomba ushauri: mkalimani wa lugha ya alama kwenye upasuaji wa uzazi

Wakuu, kuna mama kiziwi hapa Temeke atajifungua kwa upasuaji. Fomu ya ridhaa anatafsiriwa na wifi yake. Ndugu hufupisha, huficha ya aibu, swali la "umekula saa ngapi?" likipotea, chakula kinaweza kuingia mapafuni ikibidi apewe nusukaputi. Kuandikiana si dawa, viziwi wengi Kiswahili ni lugha yao ya pili.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 naijua, na ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inadai ridhaa yake mwenyewe, akiwa ameelewa.

Barua ya kuomba mkalimani apelekewe mganga mfawidhi, au ustawi wa jamii wa hospitali? Gharama hubeba nani? Na pale mezani, kama yuko macho, pazia likishawekwa, mkalimani asimame wapi mama amwone mikono?